Nota Mbili za Sonny Rollins

Mjukuu wangu, umeniomba orodha ya santuri za jazi za kuanzia. Nakutajia moja tu: Saxophone Colossus ya mpiga saksafoni Sonny Rollins. Ilirekodiwa siku moja, tarehe 22 Juni 1956, katika studio ya Rudy Van Gelder huko Hackensack, New Jersey. Ina nyimbo tano na haifiki hata saa nzima, kwa hiyo usinipe udhuru wa kukosa muda.

Simu iweke mbali. Anza na St. Thomas. Max Roach anaingia na ngoma peke yake, kisha Rollins anapiga kalipso ya visiwa vya Karibi, kwenye asili ya mama yake. Melodi yenyewe hata mtoto angeishika. Ikiisha, tega sikio: saksafoni inashika nota mbili tu, inaziacha, inazirudia, inazisogeza, inazikata mahali usipotarajia. Vijana wengi wa bibopu, mtindo wa jazi wa kasi, waliomfuata mpiga saksafoni Charlie Parker walidhani ufundi ni kasi, wakapiga kana kwamba wanalipwa kwa kila nota. Kasi Rollins anayo, utaisikia kwenye Strode Rode. Lakini hapa nota mbili zimemtosha, kwa sababu ana la kusema.

Ukishamwelewa, mwache. Rudia wimbo ule ule umfuate Doug Watkins kwenye besi, na siku nyingine Tommy Flanagan kwenye piano. Blue 7 ndio wimbo wa zoezi hilo: besi inaanza peke yake, na safari yake inapita dakika 11. Utachoka mara ya kwanza.  

Halafu kumbuka kwamba Rollins alipopiga haya alikuwa na miaka 25. Alisifiwa sana, naye mwaka 1959 akaacha majukwaa kwa hiari yake, kwa kuona sifa zimemzidi uwezo. Akawa anapanda daraja la Williamsburg, New York, kufanya mazoezi huko juu asiwasumbue majirani, mpaka aliporudi mwaka 1961. Ikiwa yeye mwenyewe hakuridhika na upigaji wake, wewe usikilizaji wa siku moja utakutosheaje? Kaa na santuri hii mwezi mzima, kisha njoo tubishane.