Walinzi wa Mnazi Wana Meno

Mkwezi wa Unguja akitajiwa majimoto, uso hubadilika. Yuko juu ya mnazi, mikono na miguu imekumbatia shina, na chungu wa rangi ya hudhurungi inayokaribia wekundu wanamtambaa shingoni. Wanamng'ata, na hawezi kujipangusa, kwa kuwa mkono ukiachia ataanguka. Si ajabu, basi, kwamba katika mashamba mengi ya pwani viota vya majimoto huchomwa kwa makuti yanayowaka au hupigwa dawa kabla ya siku ya kuangua. Mkwezi hupanda kwa amani. Mwenye shamba naye huona amesaidiwa.

Hasara huja baadaye, tena bila kishindo. Vidaka hupukutika kabla ya kuwa vitale. Nazi chache zinazobaki hukua zikiwa na makovu na utomvu uliogandia kwenye kumbi. Anayefanya haya ni mbu wa minazi, kunguni mwembamba wa kahawia anayechoma vidaka kwa mdomo wake na kunyonya. Wadudu wachache tu juu ya mnazi mmoja wanatosha kumkosesha mtu mavuno.

Mtafiti Mwingereza Michael Way alilichunguza jambo hili Zanzibar, na mwaka 1951 matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Nature. Alionyesha kwamba minazi inayokaliwa na majimoto huepukana kwa kiasi kikubwa na madhara ya mdudu huyo. Mwaka 1955 mdudu mwenyewe alipopewa jina la kisayansi, aliitwa Pseudotheraptus wayi kwa heshima yake. Way alieleza pia kwa nini minazi mingine haina walinzi: chini ya shina wamejaa sisimizi wadogo wenye askari wa vichwa vikubwa, nao huwafukuza majimoto bila kuchukua kazi yao.

Wachina waliijua kazi ya namna hii zamani sana. Kitabu cha Ji Han kuhusu mimea ya kusini mwa China, ambacho kwa mapokeo huhesabiwa kuwa cha mwaka 304, kinaeleza jinsi viota vya ndugu wa majimoto vilivyouzwa sokoni ili vitundikwe kwenye michungwa. Wakulima huko waliunganisha miti kwa vijiti vya mianzi ili chungu wavuke. Nchini Benin, watafiti wamekuta kwamba maembe kwenye miti yenye majimoto hupata mashambulizi machache ya nzi wa matunda. Chungu huacha harufu juu ya tunda, na nzi jike akiinusa husita kutaga. Habari hiyo inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, maana nzi wa matunda mwenye asili ya Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, kisha akasambaa na kuwatia hasara kubwa wakulima wa maembe.

Watu wengi humpima mdudu kwa maumivu anayowatia. Anayeuma ni adui, asiyeuma hana neno. Kipimo hicho ndicho kinachowaponza wenye mashamba. Mbu wa minazi hana shughuli na ngozi ya mtu, na mwenye shamba anaweza kuishi naye miaka bila kumwona. Majimoto anauma, na kwa ukali uleule anaowaonyesha watu humkabili kila mdudu anayepanda mti wake. Haiwezekani kumtaka awe mpole kwa mkwezi na mkali kwa mwizi.

Kumtambua si kazi ngumu. Kiota chake kiko juu, kimetengenezwa kwa majani mabichi yaliyovutwa pamoja na kuunganishwa kwa hariri nyeupe. Chungu wakubwa hawatoi hariri hiyo wenyewe. Humshika buu kwa taya na kumpitisha huku na huku kati ya majani kama mfumaji anavyopitisha uzi wake. Akichokozwa, majimoto husimama na kuinua tumbo juu. Hana mwiba. Hung'ata, kisha hunyunyiza asidi ya fomiki penye jeraha, na hapo ndipo mwasho unapotoka. Siafu ni wengine kabisa: hao husafiri ardhini kwa misafara na hawafumi kiota cha majani.

Wapo wawindaji wengine bustanini wanaostahili kujulikana. Vunjajungu anaweza kubana kidole kwa miguu yake ya mbele yenye miiba, lakini hana sumu. Kunguni wawindaji ni wa kuogopwa zaidi, kwani wakishikwa huchoma, na maumivu yanaweza kudumu kwa saa kadhaa. Mdomo wao ni mfupi, mnene na umepinda chini ya kichwa, tofauti na ule mwembamba na mrefu wa wanyonya mimea, unaolala chini ya mwili. Wanaokula viwavi kwenye mboga waachwe, ila wasiguswe kwa mkono mtupu.

Majimoto nao wana kasoro, na haifai kuificha. Hupenda utamu unaotolewa na wadudu gamba, kwa hiyo huwalinda, hata kwenye mikarafuu, na wadudu gamba wakizidi mti hudhoofika. Kiota kilicho kwenye tawi linaloning'inia mlangoni, au pale watoto wanapochezea, hakina budi kuondolewa. Matawi yanayogusa paa yapunguzwe, maana ndiyo njia yao ya kuingilia ndani.

Penginepo wanaweza kuvumiliwa kwa maarifa madogo. Jivu kavu la kuni likipakwa mikononi na miguuni huwafanya wateleze. Mikono mirefu ya shati na suruali iliyofungwa chini husaidia. Aliyeng'atwa awaondoe chungu, aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni, na aweke kitambaa baridi. Asidi ikiingia jichoni, lioshwe mara moja kwa maji safi mengi. Mtu akivimba uso au kushindwa kupumua, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Anayetaka kuwaeneza afunge kamba kutoka mti hadi mti, ila asiunganishe makundi mawili tofauti, kwa sababu yatapigana.

Kwenye mikorosho mambo ni mepesi zaidi. Majimoto huwakabili mbu wa mikorosho, na kwa kuwa mkulima wa Tanzania huokota korosho zilizoanguka, hana haja ya kupanda mti wanaoulinda. Kwenye mnazi ndiko kwenye swali la haki. Anayefaidika na vidaka vilivyosalimika ni mwenye shamba. Anayeng'atwa ni mkwezi. Mkwezi akichoma kiota hafanyi hivyo kwa ujinga. Analinda mwili wake usiumie kwa ajili ya mali ya mtu mwingine, na kupona kwa vidaka hakumwongezei chochote.

Kwa hiyo wenye minazi wasiishie kumwambia mkwezi avumilie. Wampe jivu na nguo za kufaa, na mnazi wenye majimoto waulipie zaidi ya mnazi usio nao. Fedha hiyo itoke kwenye nazi ambazo chungu hao wameziokoa.