Picha ya Kukataa

Tuseme unatengeneza ubao wa picha kwa mtoto wa miaka minne wa Old Moshi ambaye hawezi kutamka maneno. Labda ana mtindio wa ubongo, labda usonji. Ubao una nafasi 12. Unaweka nini?

Wengi wetu tungeanza na maji, chakula, choo, kulala, mama. Hata hapo kuna kazi, maana picha nyingi za kupakua mtandaoni zilichorwa kwa ajili ya watoto wa Marekani na Ulaya: chakula ni mkate uliobanwa nyama katikati, choo ni cha kukaa. Mtoto wa huku anajua mtori, anajua choo cha shimo nyuma ya migomba. Hilo linarekebishika kwa penseli.

Linalonisumbua mimi ni nafasi ya "sitaki". Hebu itazame tena orodha ile: kila picha inamrahisishia kazi mlezi. Mtoto akigusa, tunajua cha kumpa, yameisha. Kukataa, kulalamika, kusema "shangazi ananichosha", hayamo. Na tulivyolelewa, mtoto anayejibizana na wakubwa hana adabu. Sasa leo nimchoree kabisa picha ya kujibu?

Charles Bliss, aliyepitia kambi za Wanazi, alichapisha alama zake Australia mwaka 1949 akiota lugha ya dunia nzima. Mwaka 1971 walimu wa Toronto wakaanza kuzitumia kwa watoto wasioweza kusema. Alifurahi, halafu akagombana nao miaka mingi kwa sababu walizibadilisha. Uchungu wake naelewa, lakini nasimama na walimu: alama ni ya yule asiye na njia nyingine ya kusema.

Uchagani tuna isale. Ni mmea tu. Kwenye mpaka wa kihamba unasema "ishia hapo". Ukimkosea mtu ukampelekea jani lake, linaomba msamaha, na kulikataa si jambo jepesi. Jani lenyewe lisingekuwa na nguvu yoyote kama anayelipokea hakubali kufungwa nalo.

Basi kuchora "sitaki" ni rahisi, kiganja kilichoinuliwa kinatosha. Mtihani ni pale mtoto anapoigusa wakati kijiko cha uji kimeshafika mdomoni. Kijiko kikiingia tu, ile picha ni pambo. Najua kuna dawa ambayo lazima inywewe hata kwa machozi. Hapo angalau aambiwe: nimeona umekataa, dawa utakunywa, uji tunaacha.