Je, Jibu Nalo ni Deni?



Mwaka wangu wa kichungaji nimetumwa kusaidia kwenye ofisi ndogo inayochapisha vitabu vya dini. Tuko watano, na mimi ndiye wa kubeba maboksi. Desemba pale ni mwezi wa kufunga. Kalenda za liturujia zinauzwa Novemba, kwa sababu mwaka wa Kanisa unaanza Dominika ya kwanza ya Majilio. Kalenda ikibaki stoo mpaka Januari, labda ifungie maandazi. Basi tukahesabu stoo, tukawalipa vibarua wanaokunja na kushona kurasa, tukafuatilia maduka yanayodaiwa. Mhasibu akapiga mstari chini ya hesabu, akasema, "Hatudaiwi na mtu."

Mimi nikapewa kazi ya kusafisha droo. Chini kabisa nikakuta madaftari matatu yamefungwa kwa uzi. Ni mswada wa katekista mzee, historia ya kigango chake, umeandikwa kwa kalamu na hauna nakala. Ulipokelewa Agosti, na saini ya kupokea ni yangu. Yaani niliuweka pale wiki yangu ya pili kazini, nikausahau.

Nilipouliza, mwenzangu akaniambia, "Frateri, mjibu Januari. Kwanza hatukumwomba atuletee."

Hoja hiyo si ya kijinga. Ofisi ndogo haiwezi kuchapa kila kinacholetwa, na mtu hapati haki ya kuchapiwa kwa sababu tu ameandika. Lakini kuchapa ni jambo moja, kujibu ni jingine. Ningeweza kukataa kuyapokea madaftari yale. Sikukataa. Tangu siku ile nina mali ya mtu mikononi, na mwenyewe hajui iko katika hali gani.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, anauliza kama mtu anaweza kuchelewa kurudisha cha mwenzake. Jibu lake linabana: rudisha mara moja, au umwombe mwenyewe akupe muda. Nilisoma hilo darasani, nikafaulu mtihani, nikadhani linahusu fedha na mbuzi. Kumbe ule muda nao ni wake. Mimi nilikuwa najigawia mwenyewe: Septemba, Oktoba, sasa eti Januari. Sisi Majilio yetu tunayahesabu. Mshumaa wa nne ukiwaka, unajua kilichobaki. Mzee alikuwa anangoja bila mshumaa hata mmoja.

Nikapiga simu. Nakiri kwamba nilishaandaa sentensi, "Bado tunausoma, mzee." Ni uongo mlaini, wa kiofisi, na hata sauti yangu ilikuwa imeshakaa tayari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Frateri! Nilidhani nimekosa namba."

Sentensi yangu ikagoma kutoka. Nikamwambia ukweli: hatujaufungua, kosa ni langu, madaftari ni mazima, naomba anipe muda hadi mwisho wa Januari, au kama anayataka nimrudishie kabla ya Krismasi.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema alidhani yamepotea, kwa hiyo tangu Oktoba ameanza kuandika upya. Yuko daftari la pili. Macho yanamsumbua, anaandika asubuhi tu.

Sikuwa na la kusema. Mwenzangu alikuwa ameshazima taa za stoo, anachezesha funguo mlangoni.

"Sasa Frateri," mzee akaendelea, hata hasira hana, "kwa kuwa unayo hapo, hebu nisaidie. Kuna yule mama aliyetupa kiwanja cha kanisa. Zamani niliandika na jina la mumewe. Safari hii limenitoka kabisa. Angalia daftari la kwanza, katikati hivi."

Nikamwomba mwenzangu aniachie funguo. Nikafungua uzi, nikaanza kusoma.