Hatia ya Koili

Je, fundi ana deni la tiba peke yake kwa mwenye gari, au ana deni la sababu pia? Swali hili ni la kale kwa waganga na mahakimu, lakini ni nadra kuulizwa chini ya mwembe, mbele ya Land Rover iliyofunguliwa boneti. Hata hivyo hapo ndipo lionekanapo wazi kuliko penginepo.

Nyanda za juu za Buha, baina ya Kasulu na Kibondo, zilikuwa shule kali ya magari. Kabla lami haijaanza kutandazwa katika miaka ya 2020, barabara ya huko ilikuwa ya udongo mwekundu: kiangazi vumbi liingialo kila tundu, masika tope, na mwaka mzima mtikisiko. Mtikisiko ndio adui wa nyaya. Waya hukatika ndani ya ngozi yake, nje ukaonekana mzima. Ncha mbili zikigusana gari huenda, zikiachana gari huzimika.

Katika gari la petroli la miaka ya 1950 au 1960 njia ya moto ni fupi. Umeme wa volti 12 hutoka katika betri, hupita katika swichi, huingia katika koili, hutoka kwenda kwenye platini zilizomo ndani ya distributa, na kutoka hapo hupokewa na bodi ya gari. Platini zifungukapo, kwa mwanya usiozidi sana milimita 0.4, mkondo hukatwa ghafula, na koili huzaa umeme wa maelfu ya volti ambao huruka katika plagi na kuwasha petroli.

Njia fupi namna hii yaweza kukaguliwa kwa taa ndogo yenye nyaya mbili. Waya mmoja hushikizwa kwenye bodi, na wa pili huguswa kwenye koili upande wa swichi. Taa isipowaka, hali swichi imefunguliwa, ubovu uko kati ya koili na betri. Ikiwaka, uchunguzi huhamia upande wa pili wa koili, na injini huzungushwa polepole kwa hendeli. Hapo taa yapasa kuwaka kila platini zifungukapo na kuzimika kila zifungikapo. Ikiwaka daima, platini hazipitishi umeme, au waya uendao kwake umekatika. Isipowaka kamwe, koili imekatika ndani, au umeme watorokea bodini mahali usipotakiwa. Kazi yote haihitaji bahati, yahitaji subira.

Lakini bahati ndiyo izoelekayo. Fundi hutazama, hutikisa kichwa, kisha huagiza koili mpya. Katika kuifunga hulegeza nyaya, huzivuta, huzikaza. Zile ncha zilizoachana hugusana tena, na injini hunguruma. "Koili ilikuwa imekufa," asema. Wala hasemi uongo, maana aamini asemalo. David Hume, Mskoti, katika kitabu alichokichapisha 1739 na 1740, alionyesha kwamba jicho halioni sababu. Huona jambo moja likifuatwa na jingine, na mazoea hukamilisha yaliyosalia. Fundi aliona koili mpya, kisha aliona gari likiwaka.

Hume angeweza kuishia hapo. Fundi hawezi, kwa kuwa ana dawa ambayo mwanafalsafa kitini hana: kuirudisha koili ya kwanza. Gari likiwaka kwa hiyo nayo, koili ilisingiziwa. Jaribio hili ni la dakika chache, na karibu hakuna alifanyaye, kwani laweza kumpotezea mtu ujira wake na sifa yake kwa wakati mmoja.

Yaweza kujibiwa kwamba mvua yakaribia, abiria wamechoka, na aliyewasha gari ametimiza ahadi. Ni kweli. Waganga wengi hutibu homa wasiyoijua asili yake, wala hawaitwi wadanganyifu. Sababu si deni la kila saa. Lililo deni la kila saa ni kusema, "Limewaka, lakini sijui kwa nini." Mwenye gari ajuaye hivyo hatasafiri usiku kupita bonde la Malagarasi na mgonjwa kiti cha nyuma, aliyeambiwa kuwa koili imekufa na nyingine imezaliwa atasafiri kwa moyo mkunjufu, na waya uliokatika wasafiri naye.

Hapa lawama haimwangukii fundi peke yake. Koili yaonekana na kushikika, na mwenye gari huilipia bila ubishi. Fundi mwingine akitumia saa mbili na taa yake, akatoa kipande cha waya kisichofika shubiri, huulizwa ni kazi gani aliyoifanya hata adai fedha nyingi namna ile.