Kuwachagua Watoto Tumboni

Bismillahi-r-Rahmani-r-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mume na mke, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, baba wa mabinti, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu imeulizwa mara nyingi, na wanaume na wanawake, hukumu ya vipimo vya siku hizi: mtu kupimwa damu kabla ya kuoa, na mja mzito kupigwa picha ya tumbo ikajulikana mimba yake ni ya mtoto wa kiume au wa kike. Wako wasemao ya kwamba yote haya ni haramu, kwa kuwa ni kuingilia ilimu ya Mwenyezi Mungu. Na wako wasemao: maadamu pesa ni zangu na mke ni wangu, nitafanya nipendavyo. Makundi haya mawili yote yamekosea, na kosa la hili la pili ni kubwa zaidi.

Wale wa kwanza hushika mwisho wa Suratu Luqman, tulipoelezwa ya kwamba Mola ndiye ajuaye yaliyomo matumboni. Twawajibu ya kwamba ilimu ya Mola haipunguzwi na chombo cha tabibu. Tabibu huona kilichokwisha kuumbwa. Mwenyezi Mungu hukijua kabla hakijawa, na hujua riziki yake na ajali yake, na kama kitakuwa chema au kiovu. Kipimo ni kama taa. Asomaye Qur'ani usiku hutumia taa, na mwizi naye hutumia taa. Hukumu ni ya kitendo, si ya taa. Basi na tupambanue vitendo.

Kitendo cha kwanza ni kupima damu kabla ya ndoa, na jambo hili latuhusu sana sisi watu wa pwani. Maradhi ya selimundu, ambayo wengi huyaita sikoseli, yamo majumbani mwetu. Mtu aweza kuwa mzima, hana aumwalo, na huku amebeba asili ya maradhi hayo katika damu yake. Wakioana wawili walio hivyo, kila mimba ina sehemu moja katika nne ya kuzaliwa mtoto mgonjwa, sehemu mbili za kuzaliwa mtoto mbebaji kama wazazi wake, na sehemu moja ya kuzaliwa mtoto aliyesalimika kabisa. Nasi ambao desturi yetu ni kuozana binamu kwa binamu, twazidisha uwezekano wa wawili hao kukutana. Kupima, basi, ni kuondoa madhara, na kuondoa madhara ni katika misingi ya sharia yetu. Saudia imewalazimisha wachumba kupimwa selimundu tangu mwaka 2004, wala haiwakatazi kuoana baada ya kujua. Huwashauri, kisha huwaachia hiari yao.

Lakini na tutahadhari. Kwanza, matokeo ya kipimo ni amana, haifai kuwa mazungumzo ya barazani. Pili, na wapimwe wote wawili, kwani ni dhulma kumpeleka binti peke yake kama bidhaa inayokaguliwa. Tatu, mbebaji si mgonjwa wala si mtu wa kuonewa haya. Mwaka 1954 tabibu Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alidhihirisha ya kwamba damu ya namna hiyo humkinga mbebaji na ukali wa malaria. Basi kile ambacho leo watu wataka kukifanya aibu ndicho kilichokuwa ngao ya wazee wetu. Mwenyezi Mungu ana hikima katika viumbe vyake, na mwenye kumtia binti ila kwa damu yake hajui anenalo.

Kitendo cha pili ni kupima mimba ili kujua kama ni ya kike, kisha kuitoa. Hapa, ndugu zangu, hatuna la kupambanua. Hii ni jahiliya iliyovaa kanzu nyeupe ya hospitali. Waarabu wa zamani walimzika binti mchangani. Wa leo humwondoa kabla hajaliona jua. Suratu-n-Nahl imetueleza jinsi uso wa baba ulivyosawijika alipopewa habari ya kuzaliwa binti, na Suratu-t-Takwir imetuonya ya kwamba binti aliyezikwa hai ataulizwa auawa kwa dhambi gani. Ni nani atakayeweza kujibu siku hiyo?

Na tuangalie jambo hili limefanya nini ulimwenguni. Kwa maumbile aliyoyaweka Mola, kwa kila watoto wa kike 100 huzaliwa wa kiume kama 105. Huko India, katika hesabu ya watu ya mwaka 1991, kwa kila watoto wa kiume 1,000 wasiotimia miaka saba walikuwako wa kike 945. Serikali ikatunga sheria mwaka 1994 kukataza kuwapima watoto tumboni kwa nia hiyo. Na juu ya sheria hiyo, hesabu ya mwaka 2011 ilionyesha wa kike 918, na katika jimbo la Haryana 834 tu. Matokeo yake ni kwamba wanaume wa jimbo hilo wamekuwa wakiletewa wake kutoka majimbo ya mbali, wanawake maskini wasiojua lugha ya mji waliopelekwa, wala hawana jamaa wa kuwatetea. Waliowadharau mabinti wa kuzaa wakalazimika kununua mabinti wa watu.

Na mtu asijitape akasema hayo ni ya makafiri. Azerbaijan, nchi ambayo watu wake wengi ni Waislamu, ilifikia katika miaka ya 2000 kuzaliwa watoto wa kiume zaidi ya 115 kwa kila wa kike 100. Je, waliosoma Suratu-t-Takwir hawakuifahamu?

Korea ya Kusini nayo ilifikia zaidi ya 116 mwaka 1990, ijapokuwa sheria ya kuwakataza matabibu kumtaja mtoto ilikuwapo tangu mwaka 1987. Leo imerudi katika maumbile. Haikurudishwa na sheria hiyo peke yake. Mabinti walisomeshwa, wakafanya kazi, wakawatunza wazazi wao; na mwaka 2008 ikaondoka ile sheria iliyomfanya mwanamume kuwa mkuu wa kila ukoo. Thamani ya binti ilipopanda nyumbani, hakukuwa na haja ya kumwondoa tumboni.

Huenda mtu akauliza: na kuchagua kabla ya mimba kuingia tumboni, kwa ufundi wa matabibu? Wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Makka walilitazama jambo hili mwaka 2007, wakakataza kuchagua kwa ufundi huo illa kwa dharura ya maradhi yanayofuata jinsia, kama yale ya damu isiyoganda, ambayo aghlabu huwapata watoto wa kiume. Baraza hilo hilo, mwaka 1990, liliruhusu kutoa mimba yenye kilema kikubwa kisicho na dawa, kabla ya siku 120, kwa ushahidi wa jopo la matabibu waaminifu na kwa kutaka wazazi. Ruhusa hizi ni mlango mwembamba wa dharura. Ama kumwomba Mwenyezi Mungu mtoto wa kiume, hakuna ubaya; Nabii Zakariya aliomba. Lakini mke wa Imrani naye alitaraji mwana wa kiume akazaa Maryamu, na ni wanaume wangapi waliofikia daraja ya Maryamu?

Ndugu zetu, sisi hapa twaweza kusema: hatujaua mtu. Ni kweli, lakini mzizi wa mti huo umo katika nyua zetu. Mwanamke azaapo binti wa tatu, mavyaa hununa, na mume huanza kutafuta mke wa pili, au humwacha. Ni dhulma iliyoje! Matabibu wamethibitisha ya kwamba mbegu ya mume ndiyo yenye kuleta wa kiume au wa kike. Yai la mke ni la namna moja tu. Konde haichagui mbegu. Basi amwachaye mkewe kwa sababu hii amemhukumu asiye na hatia kwa jambo lililotoka kwake mwenyewe. Kisha binti huyo akikua hukatizwa masomo mapema kuliko nduguye, na baba akifa hunyimwa fungu lake la urithi aliloandikiwa na Mola wake. Mwenye kutenda haya amekwisha kumzika binti yake, ila amemwacha anapumua.

Mtume wetu (S.A.W.) alizikwa wanawe wa kiume wangali wachanga, na washirikina wakamcheka ya kwamba hana kizazi. Mola akawajibu kwa Suratu-l-Kawthar. Kizazi chake kimetokana na Fatima, na wao ndio waliokatika.

Basi kila mmoja wetu na aanze nyumbani kwake: amfanyie binti akika kwa furaha, amsomeshe kama amsomeshavyo nduguye, ampe urithi wake kamili, na asimlaumu mkewe kwa kipawa cha Mola. Na tabibu Mwislamu akiulizwa mimba ni ya nini, naye akaona nia mbaya, na anyamaze.

Wabillahi-t-tawfiq.