Uasi wa Kusoma

Sinema za vijana wa sekondari zina kanuni inayojulikana hata na asiyezipenda. Shule imetulia na taratibu zake. Anaingia mgeni mkaidi, mwenye jeraha lake la nyumbani. Anazivunja taratibu hizo, na hapo ndipo wenyeji wanapoanza kuona kilichokuwa mbele ya macho yao siku zote. Mfano mkubwa ni Rebel Without a Cause ya Nicholas Ray, iliyotoka Oktoba 1955, wiki chache baada ya nyota wake, James Dean, kufa kwa ajali ya gari. Dean anaigiza kijana aliyehamia Los Angeles na wazazi wake. Siku ya kwanza tu anachokozwa na kundi la wenzake na kutolewa kisu. Kisha anaingizwa katika shindano la kukimbiza magari ya wizi kuelekea ukingo wa jabali, ambapo wa kwanza kuruka nje ndiye mwoga.

Kanuni hii imebeba wazo zito kuliko inavyoonekana: kwamba uasi wenye maana hutoka nje. Mwanasosholojia Mjerumani Georg Simmel, katika maandishi yake ya 1908, alimweleza mgeni kama mtu aliye karibu na aliye mbali kwa wakati mmoja. Yumo ndani ya jamii, lakini mazoea ya jamii hayajamfunga macho. Wahenga wetu walilimaliza jambo hilo kwa maneno manne: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ana ugonjwa asioujua, na anayekuja ndiye anayemfunulia. Ni wazo zuri, ila mji wa Kisangani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, una sababu zake za kulisikiliza kwa tahadhari.

Huko, mtu akitamka neno mwasi, hakuna anayemfikiria kijana wa sinema mwenye jaketi jekundu kama la Dean. Agosti 1964 waasi wa Simba, wengi wao vijana wadogo, waliuteka mji ulipokuwa bado ukiitwa Stanleyville. Novemba ya mwaka huohuo ukombozi waliouahidi uliishia kwa mateka, wanajeshi wa miamvuli kutoka Ubelgiji na maiti wengi. Mwaka 1998 ulileta uasi mwingine, safari hii ukiwa na majeshi ya nchi jirani nyuma yake. Kisha, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga katikati ya makazi ya watu, na inakadiriwa kuwa raia zaidi ya elfu moja waliuawa. Wageni walikuja, wenyeji hawakupona. Ndiyo maana swali la uasi upi unastahili heshima haliwezi kujibiwa Kisangani kwa kusifu ujasiri peke yake. Waliorusha mabomu nao hawakukosa ujasiri.

Mwongozaji filamu Dieudo Hamadi ni mzaliwa wa mji huo, wa mwaka 1984. Kabla yake, kamera kubwa zilizofika huko zilitoka mbali. John Huston alikuja mwaka 1951 kupiga sehemu ya The African Queen katika misitu iliyo kusini mwa mji, na mwaka 1958 Fred Zinnemann alifuata na Audrey Hepburn kwa ajili ya The Nun's Story. Wao walitaka mto, msitu na watawa. Hamadi aliingia darasani. Filamu yake ya hali halisi ya mwaka 2014, Examen d'État, inawafuata wanafunzi wa Kisangani wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ambao bila kuufaulu mlango wa chuo kikuu haufunguki. Humo hamna mgeni anayewasili shuleni. Kinachoonekana ni kinyume chake: wanafunzi ambao hawajalipa prime, yaani fedha ya walimu inayotoka kwa wazazi, wanatolewa darasani. Wanarudi, wanatolewa tena. Shule inachukua watoto wake yenyewe na kuwageuza wageni.

Hapa ndipo swali la nani mwasi linapokuwa gumu. Dola ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilipodhoofika mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilibaki jina tu, na baada ya migomo mirefu wazazi ndio waliobeba mzigo. Kilichoanza kama dawa ya dharura kikawa ndio uti wa mgongo wa elimu. Katiba ya 2006 ilitamka kuwa elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure, lakini ahadi hiyo ilianza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, na wanafunzi wa sekondari hawakuwemo. Juu ya sheria iliyoandikwa ikakaa nyingine isiyoandikwa, ambayo kila mtoto anaielewa kabla hajajua kuandika: mkono mtupu haulambwi.

Mwalimu anayewatoa wanafunzi nje hawezi kuitwa adui katika hadithi hii. Katika filamu ya Ray watu wazima ni vipofu: baba hana msimamo, mama analalamika, na hakuna anayesikia mtoto anapolia. Mwalimu wa Kisangani anaona vizuri sana. Anajua kwamba anayemtoa ni mwerevu, na anajua kwamba mtihani umekaribia. Lakini naye ana watoto, na prime ya huyo kijana ndiyo chakula chao. Kijana wa Los Angeles akigonga ukuta kwa hasira, kuna mtu nyuma ya ukuta ambaye siku moja anaweza kuelewa. Wa Kisangani anazungumza na mtu aliyekwisha kuelewa, na kuelewa kwake hakubadilishi kitu.

Basi vijana hao wanafanya nini? Hawachomi shule wala hawampigi mwalimu. Wanatafuta nyumba, wanajikusanya humo na kuifanya darasa na bweni kwa wakati mmoja. Wanaiita maquis, kama maficho ya wapiganaji wa msituni. Mmoja wao hubeba mizigo sokoni ili apate chochote. Wakiwa humo wanafundishana, wanakaririshana, wanagombana na kurudi kwenye daftari. Katika mji ambao umeona kila aina ya uasi, tendo lao la kukaidi ni kusoma.

Dai langu ni kwamba huo ni uasi kamili, tena wenye kina kuliko wa mgeni wa sinema. Albert Camus, katika L'Homme révolté ya 1951, alionyesha kwamba hapana ya mwasi hubeba ndani yake ndiyo: anayekataa kuonewa anatetea kitu anachokithamini. Mgeni wa sinema ana hapana nyingi, ila ndiyo yake ni hafifu, kwa kuwa mahali pale si pake. Familia ya kijana anayeigizwa na Dean huhama kila anapoingia matatani, na shule hii ikimshinda itapatikana nyingine. Mwanafunzi wa Kisangani hana pa kuhamia. Hawezi kuikataa shule yote, kwa sababu ndicho kitu anachokidai. Kwa hiyo anaikatalia shule iliyopo kwa jina la shule iliyopaswa kuwepo. Anasema: mmenitoa kwenye jengo, hamjanitoa kwenye elimu. Aliyeambiwa kwamba bila fedha hana haki ya kujua, akikaa chini akajua, ameivunja amri yenyewe na kuacha madirisha salama.

Hata hivyo filamu haiwapambi mashujaa wake. Siku za mtihani zinapokaribia, hofu inawaingia. Wanatafuta baraka za wahubiri, wanatafuta dawa za jadi, na wanatafuta pia majibu ya kununua. Mtazamaji wa haraka atasema hapo ndipo uasi umekamilika, kwa kuwa sasa wanavunja kanuni waziwazi. Naona kinyume. Anayenunua majibu anaifuata kwa unyenyekevu ile sheria isiyoandikwa iliyomtoa darasani. Shule iliuza nafasi ya kukaa, naye ananunua nafasi ya kufaulu. Biashara ni ileile, na yeye amepanda tu kutoka cheo cha bidhaa hadi cha mnunuzi. Kuvunja kanuni na kuasi ni mambo mawili: unaweza kuvunja kanuni zote za karatasi huku ukiwa mtiifu kabisa kwa mamlaka halisi.

Itaulizwa ni haki gani tuliyo nayo ya kuwahukumu walionyimwa mwalimu hadi mlangoni mwa mtihani. Swali ni la haki, na sisemi wao ndio wenye hatia kubwa. Aliyekaa na njaa mwaka mzima halaumiwi sawa na aliyefunga ghala. Lakini huruma kwa mtu haitulazimishi kuyaita matendo yake yote jina moja. Tukiuita udanganyifu uasi, tutakuwa tumewanyang'anya vijana hao sifa ya zile siku za maquis walipokuwa huru kweli.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni zito zaidi. Nyumba ile haikumlipa mwalimu hata faranga moja, na mwaka unaofuata wanafunzi wengine watatolewa na kutafuta nyumba nyingine. Uasi wa kusoma huwaokoa wachache na kuuacha mfumo ulivyo. Pengine hata huusaidia kudumu, kwa kuwa watu wanaojitafutia njia hawaandamani. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Maquis haikuwa mapinduzi, na anayeisifu kupita kiasi anaipa serikali kisingizio cha kusema vijana wetu ni wabunifu, wataweza tu. Thamani yake iko kwingine: ni ushahidi. Kwa miaka mingi imesemwa kwamba watoto hawasomi kwa sababu wazazi hawajali au vijana ni wavivu. Nyumba moja ya vijana wasio na kitu, wanaofundishana bila mshahara wala kengele, inatosha kuuangusha utetezi huo. Tamaa ya kujua ilikuwepo. Kilichokosekana ni dola.

Kwa hiyo mtu akitaka kumpima mwasi, awe mgeni au mwenyeji, asitazame alivunja nini. Atazame alilinda nini alipokuwa nje ya mlango. Kwa kipimo hicho, mabomu ya Juni 2000 hayakuwa na lolote la kuwapa wenyeji, kijana wa Los Angeles anabaki na hasira inayoeleweka, na wanafunzi wa maquis ndio waliotii kile ambacho katiba, shule na wizara vyote vilikiri kwa maneno. Taasisi inapomtoa nje anayeitaka kuliko wote, yenyewe ndiyo iliyoasi, na kazi ya kurudi kwenye utii ni yake.