Bei ya Haki na Ukimya wa Mnunuzi

Msomaji wetu mmoja, mwalimu wa kwaya huko Mombasa, ametuletea swali linaloisumbua dhamiri yake. Kati ya vitu vikuukuu alivyovitandaza mama mmoja mjane mbele ya nyumba yake, aliona kisanduku cha mbao chenye nyuzi na vibonye. Mama alidhani ni taipureta mbovu ya marehemu mumewe, akataka shilingi 300. Mwalimu akaitambua mara moja: ni tashkota ya zamani. Akalipa, akanyamaza, akaenda zake. Baada ya juma moja mpiga taarabu aliahidi kumpa shilingi 15,000. Je, ametenda dhambi?

Kweli chombo hicho huyadanganya macho. Kilibuniwa mwaka 1912 na Morita Goro wa Nagoya, nchini Japani, aliyeziunganisha nyuzi za ala na vibonye vya mfano wa taipureta. Mkono wa kushoto hubonyeza, wa kulia hupiga nyuzi. Wajapani hukiita taishogoto; wana taarabu wa Mombasa walikipokea, wakakiita tashkota.

Wako watakaosema: soko ni soko, na mwenye elimu ale matunda ya elimu yake. Tena, yule mtu wa Injili aliyeona hazina shambani, je, hakuificha kwanza ndipo akalinunua shamba? Twajibu kwamba kwa mfano ule Bwana wetu atufundisha thamani ya Ufalme wa mbinguni. Hakuja kutufundisha biashara.

Mtakatifu Thomas wa Akwino akubali kwamba bei ya haki haipimwi kwa uzi mwembamba. Kuzidi au kupungua kidogo hakuvunji haki. Lakini asema pia kwamba muuzaji akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi ajua, basi mnunuzi hutenda udhalimu, naye hana budi kurudisha. Mama yetu hakukosea bei tu. Hakukijua kitu chenyewe. Naye Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya Utatu, asimulia habari za mtu aliyeuziwa kitabu kwa bei ndogo na muuzaji asiyejua thamani yake. Mtu yule alimlipa bei ya haki, iliyo kubwa zaidi, wala muuzaji hakuitazamia.

Basi mwalimu na arudi kwa mama yule, amweleze kweli yote. Akiwa ameitengeneza tashkota au amegharimika kumtafuta mnunuzi, ni halali ajikatie ujira wake. Kinachosalia ni mali ya mjane. Twajua si rahisi kubisha hodi mara ya pili mlangoni pale. Lakini ujinga wa mwenzetu si bidhaa, na hakuna aliyetupa ruhusa ya kuufanyia biashara. Nasi sote, tununuapo kwa furaha kitu rahisi mno, tujiulize: je, muuzaji angefurahi pia kama angalijua tujuayo sisi?